Mstari wa Dawa ya Mama

Sebuleni mwa nyumba ile palikuwa na friza kubwa jeupe, na ndani yake hamkuwa na barafu hata chembe. Mlikuwa na sare za shule, mashuka, viatu vya kutokea na bahasha moja ya kaki. Mgeni akishangaa, baba wa nyumba alimwambia kwamba hilo ndilo kabati ghali kuliko yote mtaani, kisha akacheka peke yake. Alicheka kwa sababu kulia mbele ya mgeni si jambo la mtu mzima mwenye ndevu.

Alikuwa dereva wa lori la saruji, mtu mpole, na upole wake ndio uliomponza. Mwaka mmoja wa joto kali alipiga hesabu juu ya karatasi ya mfuko wa saruji: barafu kiasi hiki kwa siku, wauza samaki kadhaa, wauza maji kadhaa, faida kiasi hiki kwa mwezi. Hesabu ilikubali kama hesabu zote za kwenye karatasi zinavyokubali. Akakopa kwa mkopeshaji wa mtaa wa pili, na kwa kuwa hakuwa na mali ya kuweka rehani, mama yake mzazi akaitoa hati ya nyumba kutoka chini ya godoro na kuweka dole gumba kwenye mkataba.

Biashara ilikwenda vizuri wiki tatu. Wiki ya nne umeme ukaanza kukatika na kurudi, kukatika na kurudi, na mchana mmoja ulirudi kwa kishindo, friza likatoa moshi, mota ikaungua. Fundi alikuja, akafungua nyuma, akachungulia, akafunga, akadai pesa ya kuchungulia. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita Barafu. Naye aliitika, angefanyaje?

Sasa, nyumba ile haikuwa ya Barafu. Ilikuwa ya mama yake, aliyeijenga kwa kiinua mgongo chake baada ya kukata nguo kiwandani miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kupanga vipande vya karatasi juu ya kitambaa, kuchora kwa chaki na kukata, na sifa yake ilikuwa moja tu: kwake hakikupotea kitambaa. Mkono wa shati aliulaza kwenye tumbo la kola, mfuko akauchomeka pembeni mwa kwapa, na mwisho wa siku alimrudishia msimamizi kitambaa cha kutosha shati jingine. Walimwita Bibi Mkasi. Siku ya kustaafu walimpa mkasi wake mwenyewe, na yeye aliuning'iniza ukutani chumbani kwake, umefungwa kitambaa chenye mafuta ili usishike kutu.

Aliyebeba mzigo wa deni, hata hivyo, hakuwa mama wala mwana. Alikuwa mke wa Barafu, mwanamke aliyefanya kazi kwenye duka la fotokopi karibu na mahakama, mwembamba, mwepesi wa miguu, mwenye macho ya kuona senti iliyoanguka chini ya meza. Siku alipogundua kwamba deni lingelipwa kwa miezi kumi na miwili, na kwamba likishindikana hata mwezi mmoja hati ingekwenda moja kwa moja, hakupiga kelele. Alikwenda kazini, akaomba daftari moja lililoharibika kwenye uchapaji, mistari imekwenda upande, akarudi nalo nyumbani. Mumewe alimwita Waziri, yaani Waziri wa Fedha, na jina likamganda.

Jumapili ya kwanza baada ya chakula cha mchana Waziri aliwakusanya wote sebuleni, akafungua daftari juu ya friza na kutangaza kwamba kila mtu atataja kitu anachokikata. Barafu alikata sigara na soda za njiani. Binti mkubwa, aliyekuwa na mtihani mwaka ule, alikata kusuka saluni na kumeza mate yake kimya kimya. Mdogo wake, mwenye miaka sita, alifikiri sana, akakuna kichwa, kisha akasema yeye ataacha kuumwa. Wakacheka mpaka machozi. Waziri mwenyewe alikata nauli: kazini ataenda kwa miguu na kurudi kwa miguu.

Bibi Mkasi naye akafungua mdomo, lakini Waziri akamuwahi.

"Mama, wewe usikate kitu. Wewe kaa tu, ule, upumzike."

Alisema kwa heshima na kwa mapenzi, na hakuna aliyeona ubaya. Lakini mama mkwe alifunga mdomo taratibu na kuitazama mikono yake iliyolala mapajani. Mtu aliyekata miaka thelathini na mmoja kuambiwa asikate, katika nyumba aliyoijenga kwa kukata, kwa deni alilotia dole yeye mwenyewe! Aliumia. Ila hakusema, maana alikuwa wa kizazi cha watu waliozoea kusema kwa mikono.

Na mikono ikasema. Asubuhi yake alikuwa ameshikilia mche wa sabuni, anaukata kwa uzi vipande vilivyolingana kama vimepimwa kwa rula, kila kimoja cha siku mbili. Mashuka yaliyochakaa katikati aliyapasua, akageuza pembeni kuwa kati na kati kuwa pembeni, yakalalika tena. Sare ya binti mkubwa aliifumua pindo na kuishusha. Taulo lililotoboka likawa vitambaa vya jikoni, na vitambaa vya jikoni vilipokwisha vikawa tambi za jiko la mafuta ya taa. Waziri alisema kama serikali zote zingekuwa na mama mkwe kama huyu, kodi ingefutwa.

Yeye mwenyewe alibana kote. Kijiko cha sukari kilikuwa kimoja kwa kikombe, kisha kijiko chenyewe kikabadilishwa na kidogo zaidi, na Barafu akawa anakoroga kwa muda mrefu akidhani sukari imejificha chini. Nyama ilitoka mara mbili kwa wiki ikawa mara moja, halafu ikawa siku ya mshahara, halafu ikawa hadithi. Taa ya uani ikatolewa. Maharage yalilowekwa tangu jana yake ili yasile mkaa. Majirani walianza kusema mke wa Barafu ana mkono wa birika, na yeye aliwasikia, akapiga moyo konde na kuendelea kutembea, soli za viatu vyake zikizidi kuwa nyembamba.

Lakini ni kama nyumba ilikuwa imekula njama nao. Wakiokoa sukari, unga unapanda. Wakiokoa mkaa, shule inataka mchango wa madawati. Mwezi wa nne bati lilianza kuvuja juu ya kitanda cha watoto. Mwezi wa tano lori la Barafu liliharibika njiani, na kampuni ikamkata mshahara wa siku nne kana kwamba yeye ndiye aliyevunjika ekseli. Kulikuwa na jioni Waziri alikaa mbele ya daftari, kalamu mkononi, na hakuona pa kukata. Alikuwa amefika mfupani. Katika jioni hizo alijisikia kama mtu anayezuia maji kwa viganja.

Tarehe mosi ya kila mwezi mkopeshaji alikuja mwenyewe. Mtu msafi, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, hakosi kuulizia afya za watoto na masomo yao. Alikunywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa wala sukari, na kuisifia, akahesabu pesa kwa kidole kilicholowa, akaandika risiti kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu. Walimwita Mzee Risiti. Ungeweza kumchukia kwa urahisi zaidi kama angekuwa na ufidhuli, lakini hakuwa nao hata kidogo.

Na katika kubana kote huku kulikuwa na mstari mmoja ambao Waziri alikuwa ameapa kutougusa. Aliuandika juu kabisa ya kila ukurasa: dawa ya Mama. Bibi Mkasi alikuwa na presha ya siku nyingi, na daktari alimwambia ameze kidonge kimoja kila siku ya Mungu, ahisi vibaya asihisi. Paketi moja ilikuwa na vidonge thelathini na bei yake ilikuwa sawa na sukari, sabuni na mafuta ya taa ya mwezi mzima.

Mwezi wa tatu, Waziri alipotoa pesa za paketi, mama mkwe alimwambia asinunue.

"Zipo, mwanangu. Bado ninazo."

Waziri alishangaa kidogo, akajiambia pengine kliniki walimwongezea, au Barafu alinunua akasahau kusema. Kwenye mstari ule akachora kistari. Mwezi wa nne akanunua, mwezi wa tano kikaja kistari kingine, wa sita na wa saba akanunua, na wa nane akaambiwa tena zipo, zipo nyingi. Wa tisa pia. Wa kumi pia.

Tuseme ukweli bila kupakana mafuta. Waziri, mwanamke anayejua kiberiti kina njiti ngapi, aliyeweza kukuambia kipande cha sabuni kimebakiza siku ngapi, hakukaa chini kuhesabu vidonge. Alijua paketi moja ni mwezi mmoja. Alijua, na akachora vistari. Kila kistari kilikuwa pumzi. Kila kistari kiliingia kwenye bahasha ya kaki ndani ya friza, na kuna siku alivitazama vile vistari vitatu vilivyofuatana akahisi furaha, furaha kabisa, ya mtu aliyeokota pesa njiani na kuangalia nyuma kama mwenyewe anakuja. Angeuliza swali moja tu. Lakini aliogopa jibu lingekuwa na bei.

Mwezi wa kumi ulipokaribia kwisha, bahasha ilikuwa na pesa za malipo mawili ya mwisho. Barafu alikuwa amebeba safari za ziada tatu, na Waziri alihesabu mara mbili, akazirudisha kati ya mashuka na kufunga mfuniko wa friza polepole. Jioni hiyo aliweka vijiko viwili vya sukari katika kila kikombe. Mtoto mdogo akauliza kama kuna mgeni.

Siku nne baadaye, asubuhi, watoto wameshakwenda shule na Barafu yuko barabarani na saruji yake, Bibi Mkasi alikaa dirishani kushona kifungo cha sare. Waziri alikuwa anafunga viatu aende kazini. Akasikia kopo la vifungo limeanguka. Akasikia vifungo vinabingirika sakafuni, vingi, na hakusikia mtu akilalamika. Alipoingia alimkuta mama mkwe amekaa vilevile, sindano bado inaning'inia kwenye uzi, na mdomo umekwenda upande kama mistari ya lile daftari. Mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani. Macho yake yalimtazama Waziri kwa aibu, kama mtu aliyevunja chombo cha watu.

Yaliyofuata Waziri aliyafanya bila kuyahisi. Alimwita jirani, wakamwinua, wakatafuta gari, na kabla ya kutoka alifungua friza na kuchukua bahasha, maana alijua mlango wa hospitali unafunguliwa na nini. Hospitali walitaka malipo ya kitanda kwanza. Kisha kipimo cha kichwa. Kisha dripu, kisha sindano, kisha kipimo kingine, na kila mara muuguzi kijana alimpa karatasi na kumwonyesha dirisha la kulipia kwa upole mwingi. Bahasha ilinyauka mkononi mwake.

Daktari akamwita pembeni, akamuuliza mgonjwa anatumia dawa ya presha.

"Anatumia, daktari. Kila siku."

"Kila siku kweli? Hakatishi?"

Hapo ndipo Waziri alipoviona vile vistari. Aliviona wazi, kimoja kimoja, kwa mwandiko wake mwenyewe. Daktari alimsoma usoni, akaandika kitu kwenye faili na kumwambia kwamba kiharusi cha namna hii wanakiona sana kwa wanaopunguza dawa. Hakumgombeza. Waziri alitamani amgombeze.

Barafu alifika siku ya pili, vumbi la saruji bado kwenye kope. Hakumlaumu mkewe, na mkewe hakumweleza habari za vistari. Walikaa kwenye benchi la korido bega kwa bega, na mtu angewaona angedhani wanangojea kupigwa picha. Siku ya tisa mama aliruhusiwa. Ulimi ulikuwa mzito, mguu ukiburuta, mkono wa kulia haujui kitu. Bahasha ilikuwa imebaki kaki tupu.

Tarehe mosi ya mwezi wa kumi na mbili Mzee Risiti alikuja na machungwa sita kwenye mfuko. Alimpa mgonjwa pole ya dhati, akakaa, akasikitika, akanywa chai. Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba mwezi uliopita haukulipwa na huu nao hauna kitu, na kwa mujibu wa mkataba hati sasa ni yake. Lakini yeye si mtu wa kutoa mgonjwa nje, alisema. Yuko tayari kuandika mkataba mpya: miezi mingine kumi na miwili, pamoja na riba ya ucheleweshaji. Mwenye nyumba atie dole tu.

Barafu alimtazama mkewe. Waziri alitazama karatasi, akasoma mpaka chini, akatafuta pa kukata na hakupaona. Alitamani kuichana vipande vipande. Halafu? Watalala wapi? Akamrudishia karatasi.

Wakaingia chumbani wote watatu. Mkataba wa kwanza ulikuwa na dole gumba la kulia, na Mzee Risiti alipenda vitu vifanane. Alifungua kidau chake cha wino. Barafu akauinua mkono wa mama yake, mkono uliokata maelfu ya mashati, akalikandamiza dole kwenye wino na kisha kwenye karatasi, yeye mwenyewe, kwa kuwa lenyewe halikuweza. Mama alitazama kama anaona mkono wa mtu mwingine. Mzee Risiti alipuliza wino ukauke, akawaachia nakala, akawatakia siku njema.

Barafu akatoka kumsindikiza na hakurudi upesi. Waziri alichukua kitambaa chenye maji akaanza kufuta wino kwenye lile dole. Wino haukutoka vizuri. Alimwambia mama mkwe, kwa sauti ya kujikaza, kwamba sasa hivi anakwenda duka la dawa, kwamba dawa za leo hazina mjadala, hata kama atauza hilo daftari. Mfukoni hakuwa na pesa ya paketi nzima. Alikuwa anafikiria kuomba wamuuzie za wiki.

Mama mkwe akanyanyua mkono wa kushoto, akaonyesha dirishani. Kopo la vifungo lilikuwa pale. Watoto walikuwa wameviokota na kuvirudisha. Mdomo ukahangaika kutafuta njia.

"Zipo," akasema. "Nyingi. Usi... usinunue."

Waziri alilifungua kopo. Chini ya vifungo palikuwa na kipande cha kitambaa cha sare kilichokunjwa vizuri, na ndani yake nusu za vidonge. Zilikatwa kwa mkasi, kati kwa kati, hakuna iliyomeguka, hakuna iliyozidi mwenzake. Alizihesabu kwa sababu ndivyo alivyozoea. Zilikuwa ishirini. Mwanzoni mama mkwe alikuwa anameza nusu kila siku. Kisha, hesabu ilionyesha wazi, nusu kwa siku mbili, halafu nusu kwa siku tatu. Naye alikuwa ametaja kitu chake cha kukata, bila daftari.

Alipoinua uso alimkuta Bibi Mkasi anamtazama, upande mmoja wa mdomo umejitahidi kupanda juu. Alikuwa anangoja. Alikuwa anamtazama jinsi labda alivyomtazama msimamizi wa kiwanda jioni, akimkabidhi kitambaa kilichobaki. Waziri alijua anachopaswa kusema. Alitaka kupiga magoti, alitaka kuomba radhi, alitaka kumtikisa mabega yule mama amuulize ni nani aliyemtuma. Machozi yakamtoka na hakuyafuta.

"Umekata vizuri, Mama," akasema mwishowe.

Akachukua nusu mbili, akaziweka pamoja kiganjani mpaka zikawa kidonge kizima, akaziingiza kinywani mwa mgonjwa na kumnywesha maji kwa kijiko, kile kijiko kidogo cha sukari. Mama mkwe alimeza kwa taabu. Kisha mashavu yakachezacheza, ulimi ukasukuma, na nusu moja ikatokea pembeni mwa mdomo, imelowa. Akaishika kwa mkono wa kushoto na kumnyooshea Waziri aipokee.

"Hii ya kesho," akasema.